Gesi Haina Dini

Daktari wa Bwera, mji wa Uganda unaopakana na Kongo, alimuuliza Naome anavuta sigara ngapi kwa siku. Naome akajibu kwamba hajawahi kutia sigara mdomoni tangu azaliwe, mama yake pia hakuvuta, na katika ukoo wao mzima mvutaji alikuwa mjomba mmoja tu, naye alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya mti. Daktari akasikiliza kifua tena, mbele na nyuma, halafu akavua vile vipira masikioni.

"Mama," akasema, "wewe huvuti, lakini kifua chako kinavuta. Acha moshi."

"Nikiacha moshi, nani atapika?"

Daktari alikuwa kijana na swali hilo hakulisomea. Akamwandikia dawa.

Naome alikuwa amepika maisha yake yote. Alizaliwa milimani juu ya Kyarumba, katika jiko lisilo na dirisha, na kabla ya kujua kuhesabu alijua kupuliza kuni mbichi. Alipokuwa msichana akateremka Hima kuwapikia wafanyakazi wa saruji, kisha akahamia Kasese kuwapikia askari. Huko ndiko sajini mmoja wa kaskazini, jina lake Otim, alipoonja maharage yake akaomba kuongezewa, akaongezewa, akaomba kumwoa. Siku ya kupeleka mbuzi wa mahari Otim aliwapanga mstari mmoja uani, akawakagua, akamtoa mmoja kwa kosa la kutosimama vizuri. Wakwe walimrudisha yule mbuzi mstarini wenyewe. Wakapata binti, wakamwita Ayaa, jina la kwao Otim, na tangu hapo Naome akaitwa Mama Ayaa.

Otim alipostaafu alichagua kukaa kwa wakwe, jambo ambalo wanaume wengi hawalitaki, lakini yeye alisema amelala katika mahandaki mabaya zaidi. Wakapata kiwanja cha mteremko kando ya barabara iendayo Mpondwe, mpakani, wakafungua hoteli. Hoteli haikuwa na jina. Watu walisema "twende kwa Afande", ingawa Afande hajawahi kukaanga hata yai. Aliyekuwa jikoni ni Naome, na bundu lake, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo, na nyama ya ng'ombe iliyochemka mpaka inajiachia mfupa. Wapagazi wa mpakani walikula pale, na wachuuzi waliovuka daraja kutoka Kongo, na wanawake wauza nyanya.

Mteja wa kwanza kabisa alikuwa Wahab, mkuu wa machinjio ya soko. Siku ile ya kwanza aliuliza maswali matatu kabla ya kuketi: nani amechinja, sufuria imepika nini, mafuta ni ya nini. Naome akajibu yote. Tangu siku hiyo hakununua nyama isipokuwa ya kisu cha Wahab, na Wahab hakula mchana mahali pengine. Kwamba Otim alifuga nguruwe nyuma ya nyumba, Wahab alijua. Nguruwe wale waliondoka wakiwa hai, kwa gari, kwenda Kasese, na hakuna hata ukucha wao uliokaribia sufuria. Walikuwa pensheni ya Otim, maana pensheni yenyewe ilikuwa bado inashughulikiwa.

"Kila mutu na kazi yake," alisema Wahab, akapita pembeni ya banda akitazama milima.

Sasa kuhusu moshi. Mito ya Rwenzori inashuka kwa nguvu, na watu wenye akili wameifungia mitambo inayotoa umeme, na waya wa umeme huo ulipita juu ya paa la Naome ukielekea mpakani. Yeye alikuwa na balbu mbili. Kupikia umeme kungekuwa kumpikia mwenye mita, na tena mvua ikinyesha umeme ulikatika, na Bwera mvua haiombwi. Kwa hiyo alipika kwa makaa. Magunia yalitoka milimani, na kila mwaka yalitoka mbali zaidi. Maji yaliposhuka mwaka 2013 yakabeba nyumba za watu kule Kilembe, wazee walisema milima imenyolewa mno. Kila mtu alikubali, kisha akaenda kununua makaa.

Mwaka uliofuata ukaja mradi. Ulikuja na hema, viti vya plastiki na soda, na mtu aitwaye Twinomujuni, mpole, mwenye viatu visivyofaa matope. Alieleza kwamba wilaya inataka kuachana na kuni na makaa ifikapo 2020: jua litawasha taa, mito itasaga na kunyoosha nguo, na samadi itapika chakula. Ketura, muuza nyanya na kiongozi wa akina mama wa kanisa la Wasabato, akainua mkono.

"Hiyo ya 2020 tumesikia. Na leo jioni tupikie nini?"

Watu wakacheka, Twinomujuni naye akacheka, akaomba swali linalofuata.

Lakini Naome hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba samadi inawekwa shimoni, shimo linafunikwa, na kutoka shimoni linakuja bomba lenye moto usio na moshi. Alirudia maneno hayo njia nzima: moto usio na moshi. Alitaka kuishi. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu kwao mtu hatangazi kwamba anataka kuishi, lakini usiku alipolala alisikia kifua chake kinavyolia na aliogopa.

Masharti ya mradi yalitaka ng'ombe wawili. Otim hakuwa na ng'ombe, na kiwanja chake kilikuwa na mteremko ambao ng'ombe angeulalamikia. Alikuwa na nguruwe. Twinomujuni akaja kukagua, akasimama juu ya jiwe kuokoa viatu, akafikiri.

"Nguruwe ni wazuri zaidi," akasema. "Wanakula kila kitu. Gesi haina dini, Afande."

Otim akachimba shimo. Alilichimba kama handaki la kujikinga na mizinga, akafoka peke yake kama vile yuko na kikosi, na fundi wa mradi alipokuja kujenga kuba la matofali alikuta kuta zimenyooka kuliko za nyumba yake. Wakajaza, wakangoja, na asubuhi moja Naome akafungua koki, akawasha kiberiti, na moto wa buluu ukasimama juu ya jiko, mdogo, mtulivu, bila kelele. Naome akaweka maji. Maji yakachemka. Akageuka kutazama ukuta wa jiko, ukuta uliokuwa mweusi tangu siku walipoujenga, akaona aibu kwa ajili yake, akaenda kutafuta chokaa.

Miezi ile ilikuwa mizuri na hakuna sababu ya kuificha. Kikohozi kilipungua, kikabaki cha asubuhi tu, kisha kikabaki cha Jumatatu. Naome alianza kuimba jikoni, nyimbo za ubatizo, kwa sauti ambayo mumewe alikuwa hajui kama anayo. Mradi ukaweka kibao barabarani kinachosema NYUMBA YA MFANO. Otim alikipaka mafuta kila Jumamosi.

Wateja hawakuuliza kitu. Chakula kilikuwa kilekile, tena kilikuja haraka. Hadi mchana mmoja Wahab, akiwa amekata tonge la bundu na kulichovya kwenye mchuzi, alitazama kupitia mlango wa jiko.

"Mama Ayaa, hii moto ya buluu inatoka wapi?"

"Inatoka kwa shimo."

"Na shimo iko nakula nini?"

Naome alisita. Si kwamba alitaka kuficha. Hakuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kufichwa. Lakini katika kusita kwake mumewe, aliyekuwa mlangoni, akajibu kwa fahari yote aliyokuwa nayo.

"Mavi ya nguruwe! Kila asubuhi, ndoo mbili. Gesi mingi sana, hapana mchezo!"

Tonge la Wahab lilikuwa katikati ya sahani na mdomo. Likakaa hapo kitambo. Kisha likarudi kwenye sahani, taratibu. Wahab akanawa mikono, akaitazama, akanawa tena.

"Mama, miye sina neno na weye," akasema. "Lakini ungeniambia."

Akaondoka. Alikuwa amekula chakula cha moto huo tangu kabla ya Ramadhani, na Ramadhani yenyewe alifuturu kwa uji wa Naome. Alikwenda moja kwa moja kwa shehe. Shehe akafungua kitabu, akafunga, akasema kwamba moto ni moto, na wanazuoni wana maneno mengi kuhusu kitu kinachogeuka kuwa kitu kingine, lakini mtu mwenye shaka na aache chenye shaka. Wahab alikuwa na shaka ya kutosha watu wengi, akawagawia.

Habari haikai nyumba moja. Kabla ya jua kuzama ilimfikia Ketura, ambaye naye kwa imani yake hali nguruwe. Ketura akamwendea mchungaji wake. Mchungaji akapekua Mambo ya Walawi, akaona nyama imekatazwa, mzoga umekatazwa, na kuhusu gesi hakukuta kitu.

"Andiko limenyamaza," akasema.

"Limenyamaza," akasema Ketura, "lakini tumbo yangu imesema."

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mji huo uwe mji, Waislamu na Wasabato wa Bwera wakawa na msimamo mmoja, na hata benchi moja, katika hoteli ya ng'ambo ya barabara ambayo maharage yake yalikuwa na changarawe. Waanglikana na Wakatoliki hawakuwa na pingamizi, lakini mtu akiona benchi tupu huuliza lina nini, na akiambiwa, hamu humtoka. Naome alipika sufuria nzima ya nyama akaila na mumewe siku tatu.

Otim alikwenda machinjioni kuzungumza, kwa namna yake ya kuzungumza.

"Wewe, Wahab! Kuja hapa! Mimi nilikula panya porini! Nilikula ngozi ya kiatu! Wewe unakataa moto?"

"Afande, weye ulikuwa jeshi," akasema Wahab akinoa kisu. "Miye niko mutu ya musikiti."

Twinomujuni naye akaja, akasimama juu ya jiwe lake, akasema hali hii haimo katika mwongozo. Akakumbusha kwamba alikwisha sema gesi haina dini.

"Gesi haina," akajibu Naome. "Wanaokula wanayo."

Wiki ileile akatoa majiko ya makaa kwenye ghala, akayapanguza, akawasha. Moshi ulipopanda juu ya paa, wateja walirudi. Ndivyo ilivyokuwa: moshi ukawa tangazo la usafi. Mtu aliyeshuka kutoka sokoni aliangalia kwanza juu ya paa la Naome, akiona kumefuka anaingia kwa amani. Kibao cha NYUMBA YA MFANO kilibaki mahali pake, na siku za upepo hakikuonekana vizuri.

Kikohozi kilirudi kama mwenye nyumba. Hakikurudi cha Jumatatu, kilirudi chote. Naome aliacha kuimba. Alijifunza kupika huku amegeuza uso, kuonja huku ameziba pumzi, na kujibu wateja kwa kichwa. Mchana mmoja Wahab alileta nyama jikoni mwenyewe, akamkuta ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anakohoa. Akangoja amalize ili amsalimie. Akangoja. Akaweka nyama chini, akaendelea kungoja, na kikohozi kikaendelea, na Wahab, ambaye amechinja ng'ombe maisha yake yote bila kupepesa jicho, akatazama pembeni.

"Pole, mama," akasema hatimaye.

Naome akatikisa kichwa kumaanisha asante.

Wahab hakulala vizuri, nadhani, kwa sababu alfajiri alikuwa mlangoni kwa Otim na shauri kamili. Kwa mafundisho aliyolelewa nayo, chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kikatakata. Shimo ni chombo. Basi lioshwe. Baada ya hapo yeye mwenyewe ataleta chakula cha shimo kutoka machinjioni: samadi ya ng'ombe, na yale majani yaliyosagika nusu ndani ya tumbo la ng'ombe, ambayo kila siku ya soko yalitupwa mtoni. Nguruwe wabaki na mavi yao, yaende migombani.

Otim alitafuta kosa katika shauri hilo, akalikosa, akakasirika.

Shimo likafunguliwa, likaachwa wazi siku kadhaa hewa mbaya itoke, kisha likakombwa na kuoshwa. Wahab alisimama ukingoni na kanzu imefungwa kiunoni. Otim alihesabu kwa sauti ya paredi: "Moja!" na maji yanatupwa, yanakombwa kwa ndoo, "Mbili!" na kadhalika. Ketura alikuja kushuhudia kwa niaba ya Wasabato. Akasema saba inamfaa na yeye pia, kwa sababu hata Naamani alijichovya Yordani mara saba. Zamu ya udongo Otim alipewa koleo, akaosha kwa udongo shimo alilolichimba kutoka kwenye udongo. Mwisho Wahab akainama, akanusa, akasema Alhamdulillahi.

Naome alimpigia Twinomujuni simu kumpa habari njema.

"Mama, mmeosha na sabuni?"

"Sabuni, na udongo, na maji ya moto."

"Mmeua wadudu wote wa gesi," akasema Twinomujuni. Akaeleza kwamba gesi hutengenezwa na wadudu wadogo wasioonekana, na sasa lazima wazaliwe upya polepole, kwa wiki nyingi. Kisha akakumbuka jambo, akaongeza kwa sauti ya mtu mgonjwa kwamba wageni wa mradi wanakuja kuona nyumba ya mfano, na tarehe haibadiliki.

Wahab alileta toroli lake kila siku ya soko, akalisukuma mwenyewe barabarani mbele ya watu, inzi wakimsindikiza. Shimo lilikula, likanyamaza. Naome alifungua koki kila asubuhi, akanusa, akafunga, akawasha makaa. Kikohozi kilikuwa kimeanza kuja na damu kidogo. Aliifuta kwa kona ya kanga na hakumwambia mtu, lakini Otim ndiye aliyefua ile kanga, kwa sababu siku hizo Naome hakuwa na nguvu ya kukamua nguo nzito.

Asubuhi ya wageni, Naome alifungua koki kwa mazoea. Moto wa buluu ukasimama.

Akashika moyo. Akaita kwa furaha, "Baba Ayaa!" akatoka nje kumtafuta mumewe, akapita kando ya banda la nguruwe. Banda lilikuwa safi. Saa kumi na mbili asubuhi, banda lilikuwa limefagiwa hadi sakafu, na ndoo mbili zilikuwa zimeoshwa na kugeuzwa juani, wakati jua lenyewe halijatoka. Otim alisimama karibu nazo kama mlinzi wa lango.

"Umeyaweka shimoni tangu lini?" akauliza Naome.

"Siku mingi."

"Baba Ayaa."

"Hakuna mtu ameona," akasema Otim. Sauti yake haikuwa ya amri. "Mimi naona kanga. Usiku nasikia hiyo kifua. Wewe unataka kufa kwa sababu ya tumbo ya Wahab? Mimi hapana taka. Nimezika watu mingi. Wewe hapana."

Kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwambia neno tamu kuliko hilo, na Naome alilisikia, na lilimuuma. Alirudi jikoni. Akasimama mbele ya moto usio na moshi. Watu wawili tu ndio waliojua. Akinyamaza, gesi itakuwepo, wateja watakuwepo, kifua kitapona, naye ataimba tena. Akaweka sufuria.

Wageni walikuja na magari mawili. Walitoka Kampala na wengine mbali zaidi, wakapiga picha kibao, shimo, na Otim aliyekuwa amevaa medali zake. Twinomujuni alikuwa na viatu vipya. Ketura aliketi na wanawake wa kanisa lake, na benchi la mbele akaketi Wahab na wazee wawili wa msikiti. Ng'ombe wa siku hiyo alimchinja mwenyewe alfajiri. Alikuwa amewaambia wenzake msikitini waje wale bila hofu, kwamba shimo lile analijua kama kiganja chake, yeye ndiye aliyeliosha na yeye ndiye anayelilisha.

Naome akaleta sahani. Akaiweka mbele ya Wahab akangoja maswali, kama ilivyokuwa siku ya kwanza: nani amechinja, sufuria imepika nini. Wahab hakuuliza kitu. Alimtazama kwa furaha tu, akanawa, akakata tonge, akachovya.

Hilo ndilo lililomshinda Naome. Angeuliza, labda angeweza kusema uongo. Mtu asiyeuliza utamdanganya vipi?

"Bismillahi," akasema Wahab.

"Wahab, usile."

Alikuwa amekwisha mshika mkono.

"Gesi ni ya nguruwe. Mavi yaliwekwa tena. Nimejua leo asubuhi, na nimepika hivyohivyo." Akageuka, akaingia jikoni, akafunga koki mbele ya macho ya wote. Moto wa buluu ukazama.

Mgeni mmoja alimwinamia Twinomujuni kuuliza mama amesema nini. Twinomujuni akafikiri, akamwambia kwamba mama anatahadharisha chakula bado ni cha moto.

Wahab hakunyanyuka. Alimtazama Otim. Otim, na medali zake, akatazama ardhi. Wazee wa msikiti wakaanza kutafuta viatu vyao. Kutoka uani ikasikika sauti ya makaa yakimwagwa kwenye jiko, kisha kiberiti, kisha kikohozi, kile kirefu ambacho Wahab aliwahi kukingoja kiishe.

Safari hii hakungoja. Akatoka uani. Naome alikuwa amepiga magoti, anapepea makaa mabichi kwa kipande cha boksi, kanga mdomoni. Wahab akaona damu kwenye ile kanga. Akamnyang'anya boksi.

"Toka hapa, mama. Enda kule ukae."

"Wewe hujui kuwasha."

"Nitajua."

Hakujua. Kwao mwanamume hapepei jiko, na Wahab alikuwa mwanamume tangu zamani. Moshi ukamjaa usoni, akaufuata ulikokwenda badala ya kuukwepa, akakohoa, machozi yakamtiririka kwenye ndevu. Akaendelea kupepea.

"Kila siku iko hivi?" akauliza.

"Kila siku," akasema Naome.

Otim akaja. Hakusema samahani; neno hilo jeshi halikumfundisha. Alivua medali akazitia mfukoni, akachuchumaa upande wa pili wa jiko, akachukua mfuniko wa sufuria, akaanza kupepea naye. Mmoja wa wageni aliwapiga picha. Ilitoka baadaye kwenye kalenda ya mradi, na maneno chini yake yalisema kwamba wanaume wa Bwera wameupokea upishi safi.

"Kesho tunaosha tena," akasema Wahab bila kuinua macho.

"Mara saba?"

"Mara saba. Na nguruwe?"

Otim alipepea kwa muda mrefu. Nyuma yao, bandani, pensheni yake ilikuwa inakoroma.

"Nguruwe wanaenda Kasese," akasema. "Wote."

Naome aliingia ndani. Benchi la mbele lilikuwa limebaki wazi, pale alipokuwa ameketi Wahab. Akaketi. Hakuwahi kuketi katika hoteli yake saa ya mchana, na hakujua mikono aiweke wapi, kwa hiyo akaiweka mezani. Ketura akaja kuketi kando yake, akamtilia maji ya kunywa. Akakohoa mara moja, na kule uani wanaume wawili wakaacha kupepea, wakageuka kumtazama.

Nyama ilikuja baadaye sana. Ilikuwa ngumu, imeungua upande mmoja, na chumvi waliisahau. Naome aliila yote.